Waya wa Kulia

Watu wakijua kwamba mimi ni fundi wa sauti mwenye sikio moja, hucheka kwanza, kisha huomba radhi. Siwalaumu. Lingekuwa sikio la mtu mwingine, hata mimi ningecheka. Rafiki yangu wa studio aliniambia kwamba nimekuwa kinyozi asiye na mikono, na siku ile tulicheka wote wawili, mpaka yeye akanyamaza kabla yangu.

Sikio lenyewe ni la kulia. Halikuuma wala kutoa usaha. Lilianza kupiga filimbi nyembamba, usiku na mchana, na nyuma ya filimbi hiyo dunia ikawa inasogea mbali kidogo kidogo. Nilikuwa Dar es Salaam wakati huo, kwenye studio ya chumba kimoja, namiksi kwaya, nyimbo za vijana na matangazo ya maduka ya samani. Wateja wakaanza kulalamika kwamba kazi zangu zinaegemea upande mmoja. Gitaa linapiga kelele kulia, ngoma zote zimesogezwa kulia. Mimi nilikuwa naongeza kile ambacho sikukisikia, basi, wao wakapata mara mbili.

"Pumzika kidogo, mgosi," mwenye studio akaniambia. Mgosi ndilo jina tunaloitwa Washambaa wote tukishuka mlimani, hata na mtu asiyejua lina maana gani. "Nenda kwenu ukapate hewa, sikio litafunguka."

Wote wawili tulijua maana ya kupumzika. Nikafunga laptopu yangu, rekoda yangu ndogo na hedifoni, nikapanda nyumbani.

Kijiji chetu kiko juu ya mji wa Lushoto. Gari huishia shuleni, na kuanzia hapo ni miguu. Huko kwetu kila kitu hupanda na kushuka kwa kichwa au kwa bega: saruji, mbolea, karoti, wagonjwa, maiti. Kwa hiyo adabu ya kwanza anayofundishwa mtoto, kabla hata shikamoo haijanyooka mdomoni, ni kupokea. Ukimwona mkubwa anakuja na mzigo, unaacha unachofanya, unamkimbilia, unampokea. Huulizi kama ni mzito au mwepesi. Mtoto anayekaa kitako huku mzazi wake anapita na tenga kichwani husemwa kijiji kizima, na waliomlea husemwa zaidi yake.

Baba alikuwa mkulima wa karoti na kabichi bondeni, mtu mfupi mwenye shingo nene ya kubebea matenga. Kwake yeye nilikuwa na jina moja toka utoto: huyu hasikii. Kiswahili kimelibebesha neno hilo mambo mengi mno. Anayesikia ni mwenye masikio, na ni mwenye utii, na ni mwenye njaa, na mwenye baridi, na mwenye maumivu. Baba aliposema sisikii alikuwa na maana kwamba nimekwenda mjini kuchezea nyaya wakati yeye ana shamba linalohitaji mtu. Nyumbani tunaongea Kishambaa, na kutaniana kwetu kote ni kwa Kishambaa, lakini baba alikuwa na desturi yake: jambo likiwa zito alihamia Kiswahili. Akianza kuniita "mwanangu", nilijua sasa si utani tena.

Nilimkuta uani siku niliyofika, ananoa jembe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kukaa au kutembea?"

"Sikio linanisumbua. Limeziba."

Alinitazama kwa muda, akaangalia na lile begi langu lenye nyaya zinazoning'inia. "Litazibuka," akasema. "Shamba lipo."

Mama alilichukulia kwa uzito zaidi. Alipasha mafuta na punje ya kitunguu saumu, akanilaza ubavu kama alivyonilaza nilipokuwa mdogo, akanitia matone. Nikaamini kama yeye alivyoamini kwamba ni nta tu, au mafua ya baridi yetu ya mlimani, ambayo mtu akikaa sana pwani huyasahau na yenyewe humkumbuka. Asubuhi nilikwenda shamba na baba. Mchana nilifanya mambo yangu. Hatukugombana hata mara moja, na sasa naona hilo lilikuwa ni baba kunivumilia.

Asubuhi moja ya vuli nilishuka bondeni na rekoda. Ina maiki mbili kichwani, moja inatazama kushoto na nyingine kulia, kama macho ya kinyonga. Niliiweka juu ya jiwe katikati ya mfereji na njia, nikakaa nyuma yake na hedifoni masikioni. Kushoto kulikuwa na maji ya mfereji yanayoingia kwenye matuta. Kulia kulikuwa na njia inayopanda kutoka shambani. Nilifumba macho. Nilisikia maji tu, mazuri kuliko nilivyotegemea, yakifunika kila kitu upande wa kushoto, na upande wa kulia ile filimbi yangu.

Nilipofumbua macho nilimwona baba mbele, ameshanipita, anapanda na tenga la karoti kichwani. Alikuwa amefika karibu na kona ya juu, na jirani mmoja alikuwa ameshamkimbilia na kumpokea. Baba hakugeuka. Nilijiambia kwamba amepita kimya ili asiniharibie kazi. Nilifurahi sana, nasema kweli. Nilidhani hatimaye mzee ameanza kuiheshimu kazi yangu.

Jioni ile alikula bila kusema neno. Nilidhani amechoka.

Alifariki kabla karoti za msimu ule hazijaisha ardhini. Presha ilimwangusha uani asubuhi, na alasiri tukawa tunampeleka.

Lazima nieleze jinsi jeneza linavyobebwa kwetu, la sivyo yaliyonipata hayataeleweka. Njia ya makaburini ni nyembamba na inapanda. Jeneza haliwekwi chini na halisimami. Wanaume wote waliokuja wanataka kubeba, kwa sababu ni thawabu na kwa sababu ndiyo heshima ya mwisho, kwa hiyo wanapokezana huku wakitembea. Anayetaka kukupokea anakuja ubavuni mwako kwa upande wa nje, anakugusa bega, anasema, "Lete." Anaingiza bega lake chini ya mti wa jeneza kabla wewe hujatoa lako. Kwa hatua kadhaa mnabeba wawili mahali pa mmoja, kisha wewe unachomoka. Ukichomoka mapema, jeneza linalala upande, na aliyemo ndani analala nalo. Ndiyo maana watu wanaangaliana na kusikilizana sana, hata katikati ya kumtaja Mungu kwa sauti.

Mimi nilishika mbele, upande wa kulia. Bega langu la kushoto lilikuwa chini ya mti, na sikio langu la kushoto, lile zima, lilikuwa limebanwa kwenye ubavu wa jeneza. Lililobaki nje, upande wanaotokea watu, lilikuwa hili la filimbi.

Niliguswa bega. Nilidhani ni mkono wa pole. Niligeuza uso kidogo kushukuru, nikaendelea. Niliguswa tena na mtu mwingine, na baadaye na mwingine. Niliona midomo ya watu ikienda, nikajua wanasoma dua. Tulipita msikiti, tukapita kwenye migomba, tukaanza kupanda, na nilishangaa kidogo kwamba nyuma yangu watu wanabadilishana na mimi sipokewi. Nikaona labda ndivyo inavyokuwa kwa mtoto wa marehemu. Bega lilikuwa linawaka moto. Sikutaka kuwa yule aliyeomba kupumzika chini ya baba yake. Nilimfikisha mpaka kaburini.

Tuliporudi, baba mdogo alinishika mkono mbele ya watu. "Tumekuomba njia nzima utuachie," alisema, "umekataa. Mwisho nikawaambia, mwacheni, huyo ni mtoto wake. Umembeba baba yako, mwanangu. Watu wameona."

Watu wale walikuwa wananitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa kijijini kwetu. Wazee walinipa mkono. Mtu asiyesikia amesikia siku ya mwisho, nadhani ndivyo walivyowaza. Mimi niliipokea mikono yao. Hakuna niliyemkatalia. Sikuwa nimesikia kitu.

Nilijaribu kumwambia mama. Alikuwa ananikanda bega kwa maji ya moto, limevimba na kuwa jeusi, na machozi yake yanadondokea humo humo kwenye beseni.

"Mama," nikasema, "mimi sikusikia."

"Najua, mwanangu," akasema. "Kwa uchungu kama ule mtu hasikii bega."

Nikaliacha.

Bega lile ndilo lililonipeleka hospitali. Daktari alikuwa dada mmoja mdogo kuliko mimi, mwenye haraka.

"Unasikiaje?" akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Sisikii vizuri."

"Pole. Wapi panauma?"

"Hapaumi. Sisikii."

"Husikii maumivu?"

"Sisikii, daktari. Sisikii wewe unavyosema ukiwa upande huu."

Hapo ndipo aliponitazama. Alinipeleka kwa mwenzake mwenye vifaa, nikafungiwa kwenye kijumba kidogo na hedifoni, naambiwa ninyooshe mkono nikisikia mlio. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kuwavalisha wengine hedifoni. Nilinyoosha mkono kwa upande wa kushoto. Walipohamia kulia nilikaa na mikono mapajani, natazama kioo, namwona yule mtu anazungusha kitufe chake cha sauti, anazungusha, mpaka akaacha.

Alinieleza kwa upole. La kulia limekwisha, na si nta wala mafua. Alipotaka kuendelea alihama kiti, akakaa kushoto kwangu. La kushoto nalo limeshaanza njia ileile. Nilimuuliza ni lini. Akasema hakuna anayeweza kujua, huenda likawahi, huenda likachelewa, na kwamba kuna vifaa vya kusaidia kwa kiasi. Niliona anachagua maneno. Nilimwitikia asante, asante, kama mtu anayepewa zawadi, nikatoka.

Tangu siku ile nimeishi na hofu moja, na nikisema nyingine ni mapambo tu. Naogopa asubuhi nitakayoamka nimwone mama anafungua mdomo mlangoni, na kutoke filimbi.

Mama ndiye aliyeniuliza siku moja tukipanga karoti. Nilikuwa nimeshamweleza, safari hii kwa maneno ambayo hayana njia mbili: sikio limekufa, la pili linaumwa.

"Kwani humo ndani kunasikika nini?" akasema. "Kimya?"

"Si kimya, mama. Ingekuwa kimya ningeshukuru. Kuna kitu kinalia."

"Kinaliaje?"

Nilijaribu kupiga mluzi. Haikuwa yenyewe. Nikamwambia nitamtengenezea.

Ninayo programu moja kwenye laptopu, ya bure, ambayo kwa mtu wa kawaida inafanana na ukuta wa fundi redio aliyechanganyikiwa. Ni visanduku vilivyopangwa safu kwa safu kwenye kioo. Kila kisanduku kina kazi yake na matundu yake. Kimoja kinatoa mlio, kimoja kinaukata makali, kimoja kinacheza sauti uliyorekodi. Vyenyewe havijuani. Wewe ndiye unayevuta waya kwa kidole kutoka tundu la huyu hadi tundu la yule, na sauti haiendi popote ambako hukuitengenezea njia. Waya ukiwa haupo, sauti ipo, inalia ndani ya kisanduku chake, na hakuna atakayeisikia. Nimeipenda programu hiyo miaka mingi kwa sababu hiyo hiyo. Humo, jambo likikosa kusikika, ujue ni waya, na waya unavutika.

Nilikitafuta kwanza kile kilio changu. Nikafungua kisanduku cha mlio, nikazungusha nobu, kile kitufe cha kupandisha na kushusha, mpaka nilipoona mlio wa sikio zima na ule wa sikio bovu imekuwa kitu kimoja kichwani, sijui tena upi ni wa mashine. Ilinitisha jinsi ilivyokuwa rahisi. Kisha nikaleta maji ya mfereji, ile rekodi ya bondeni, ambayo tangu msiba sikuwa nimeigusa. Nilitaka mama asikie maji yakiondoka na kilio kikiingia, polepole, kama ilivyonitokea mimi.

Kwa kazi hiyo kipo kisanduku cha kupokezana. Kina matundu mawili ya kuingilia na moja la kutokea. Maji yanaingia hapa, kilio kinaingia pale, katikati nobu moja. Ukiizungusha, mmoja anatoka na mwingine anaingia. Ila ukikiacha kilivyokuja, kuna kasoro ambayo kila fundi huikuta. Maji yanapungua kwa kiasi kilekile ambacho kilio kinaongezeka, na kwa hesabu inaonekana sawa, lakini nusu ya njia sauti yote inazama, panakuwa na bonde. Dawa yake wabeba jeneza wanaijua: anayeingia aweke bega kabla anayetoka hajatoa lake, na pale katikati kila mmoja abebe zaidi ya nusu. Kisanduku kina swichi ya hivyo. Nikaibonyeza, bonde likajaa. Halafu, ili isiwe mkono wangu unaozungusha, nikachukua wimbi la polepole mno lisilosikika, nikalivutia waya mpaka kwenye nobu, nobu ikaanza kujizungusha yenyewe. Maji, kilio. Kilio, maji. Hayo nikayapeleka sikio la kushoto.

Likabaki tundu la pili la rekodi, la maiki ya kulia. Hilo nililivutia waya moja kwa moja hadi sikio la kulia, bila kupita kwenye kisanduku chochote. Taa yake ilikuwa inawaka na kuzima, nikajua kuna kitu kinapita, upepo wa njiani labda, na sikujali, kwa kuwa mimi sikio hilo halinihusu tena.

Fundi yeyote angeniuliza kwa nini sikuuvuta ule waya wa kulia nikauingiza kushoto. Ni jambo la kufumba na kufumbua. Rafiki yangu yule wa studio alishaniandikia kwenye simu: weka vyote upande mmoja, mgosi, utasikia kila kitu. Nilikasirika nikaigeuza simu kifudifudi. Ni kweli ningesikia kila kitu. Lakini kuuvuta waya huo ilikuwa ni kukiri kwa mkono wangu mwenyewe kwamba upande wa kulia haupo, na nilikuwa sijawa tayari. Kiswahili nacho hakina huruma, mkono wa kulia na kulia kwa machozi kimeviandika sawasawa.

Mama alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha, na mikono yake ina udongo. Nilimvalisha hedifoni juu ya kilemba chake cha kanga, nikahakikisha kushoto ni kushoto. Nikawasha.

Alitabasamu kwanza. "Maji," akasema kwa sauti kubwa, kama wanavyosema wote wasiozoea hedifoni. Nikaiona nobu kwenye kioo inaanza kuhama. Kilio kikamfikia, akakunja uso, akanitazama, na macho yake yakajaa. Alikuwa ameelewa. Nilimshika goti. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na ningeweza kuzima hapo.

Kisha uso wake ukabadilika kwa namna nyingine. Aliacha kunitazama. Alinyoosha mgongo, kama mtu aliyeitwa kutoka nje, na mkono wake ukapanda ukashika hedifoni, ukaibana. Alikaa hivyo, mdomo wazi kidogo. Alifumba macho. Rekodi ilipofika mwisho alisema, "Rudisha." Nikarudisha. Mara ya pili alibana tangu mwanzo.

Akavua, akaniwekea mapajani kwa uangalifu sana.

"Kuna nini, mama?"

"Hakuna kitu. Ni maji tu. Maji na hiyo filimbi yako. Pole sana, mwanangu." Akainuka, akaenda jikoni.

Nilibaki nimekaa. Maji na filimbi nilikuwa nimeviweka kushoto. Mkono wa mama ulikuwa umebana kulia.

Sikujiuliza tena kuhusu kukiri wala kutokiri. Niliushika ule waya wa kulia kwa kidole, nikauchomoa kwenye tundu lake, nikauburuta kukatisha kioo kizima mpaka kwenye sikio la kushoto, nikauachia. Maji nikayafunga. Kilio cha mashine nikakifunga, nikabaki na changu.

Ilikuwa njia. Majani, jogoo wa mbali. Halafu hatua, nzito, za mtu anayepanda na mzigo, na tenga linalonung'unika kichwani mwake kila anapokanyaga. Zikasogea karibu kabisa, zikasimama. Pumzi zikasikika, fupi fupi.

"Mwanangu," baba akasema. Kwa Kiswahili. "Nipokee."

Pumzi.

"Nipokee, shingo inaniuma leo."

Pumzi tena, kwa muda ambao mtu mwenye masikio angeshainuka, akachukua tenga, akaweka kichwani mwake, akatangulia. Mimi nilikuwa pale. Nilikuwa nimekaa mbele yake, hedifoni masikioni, macho nimefumba, natabasamu labda kwa uzuri wa maji.

"Haya," baba akasema. Hatua zikaanza tena, tenga likanung'unika. Na mbali kidogo, si kwangu, labda kwa Mungu wake, nikamsikia: "Hasikii huyu."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua pa kuiweka. Alisema kama jambo alilolijua siku nyingi na sasa amelithibitisha.

Nilirudisha. Nilirudisha tena. Sikio langu hili moja, ambalo nalibania kama mafuta ya taa ya mwisho, nililipa kazi hiyo, kusikiliza jinsi nilivyokosa kusikia. Nilitamani lizimike palepale. Nilitamani lingetangulia kuzimika kabla ya siku ile, niwe kiziwi kabisa, kijiji kizima kijue, na baba naye ajue, apite zake bila kuniomba. Asiyesikia haombwi. Baba aliniomba kwa sababu aliamini nasikia.

Kijijini bado wanasema nilimbeba baba yangu mpaka mwisho. Wazee wananipisha kwenye mkeka. Baba hakuniomba nimbebe. Aliniomba nipokee tenga la karoti.

Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Niliona kivuli sakafuni, nikainua kichwa, mama amesimama mbele yangu, tenga tupu mkononi, amejifunga kanga ya kwendea shamba. Alitazama kioo. Mama hajui nyaya zile ni za nini, lakini aliuona waya mmoja umekatisha pasipokuwa na waya mwanzo. Nikavua hedifoni.

Alizunguka, akaja kushoto kwangu, kama alivyojifunza.

"Umesikia nini?" akauliza.

Uso wake ulikuwa unaniomba kitu. Nilikitafuta kwa bidii, na nikadhani nimekiona.

"Maji tu, mama."

"Haya," akasema.

Alilitia tenga kichwani, akapita nyuma yangu kwa upande wa kulia, akatoka. Nilimwona mlangoni akisimama kidogo, amenipa mgongo, mkono mmoja juu ya tenga. Kama alisema neno, sikulisikia.